Mhunzi Tunayemkariri, Mhunzi Tusiyemjua

Wahenga walituachia methali ya kwamba haraka haraka haina baraka. Mwalimu akikupata unakimbiza insha dakika tano kabla ya kengele, atakupiga nayo. Mama akikupata unaepua ugali haujaiva, atakupiga nayo tena. Mimi siwakosoi wahenga, mimi nani? Lakini nataka kudai mbele yenu, wasomi wenzangu na walimu wetu wapendwa, kwamba liko jambo moja ambalo baraka yake yote imo ndani ya haraka, na mtu anayelijua vizuri hapa kwetu hakai maabarani. Anakaa kando ya barabara za Kitale, Kimilili na Bungoma mjini, chini ya bati lililotoboka, na sisi tunampita bila hata kumwamkua.

Mtu huyo ni mhunzi.

Najua mtacheka. Mhunzi, ni nani asiyemjua? Tangu shule ya msingi tumemkariri: seremala hutengeneza vitu vya mbao, mwashi hujenga nyumba, sonara hufua dhahabu na fedha, mhunzi hufua chuma. Tukaambiwa zana zake ni fuawe, koleo na mivukuto. Tukajaza pengo, tukapata alama, tukasahau. Na hicho ndicho kilio changu. Tunamjua mhunzi wa karatasi ya mtihani, lakini yule wa barabarani tunamwita tu "mtu wa jua kali", yaani mtu aliyeshindwa na masomo akaishia kugongagonga vyuma. Maoni yangu ni haya, na nitayatetea mpaka mwisho: mtu huyo ana elimu ya chuma ambayo masomo yetu yanaigusa juu juu tu, na shule inayompita bila kumsikiliza inajinyima yenyewe.

Tuanzie kwenye ndoo yake ya maji.

Mhunzi huchukua kipande cha springi ya lori kuukuu, akakitia katika makaa, akavuvia mpaka kikawa chekundu kama jua la magharibi. Akakigonga juu ya fuawe, ambayo siku hizi mara nyingi ni kipande cha reli, mpaka kikawa patasi au panga. Kisha hukirudisha motoni, akakitazama rangi, na ghafla akakizamisha majini. Chwaaa! Mvuke unapanda, watoto wanaruka nyuma. Wengi hudhani maji yale ni ya kupoza chuma ili fundi asiungue mkono. Sivyo. Ingekuwa ni kupoza tu, angekiweka chini akaenda kunywa chai, na kikapoa chenyewe. Tofauti ni kwamba kile kilichopoa wakati fundi anakunywa chai kitapinda, na kile kilichozamishwa majini kitakata. Chuma ni kilekile, moto ni uleule. Kilichobadilika ni mwendo wa kupoa peke yake.

Kwa nini basi? Hapo ndipo sayansi inapoingia, na naomba mnivumilie kidogo.

Pua, au stili kama tunavyoiita mtaani, si chuma kitupu. Ni aloi, mchanganyiko wa chuma na kaboni kidogo sana. Springi za gari huwa na kaboni asilimia 0.6 hivi. Nondo za kujengea huwa na kidogo zaidi, asilimia 0.2 hivi, na ndiyo maana panga lililofuliwa kwa nondo halikai makali hata ulizamishe kwenye Mto Nzoia mzima. Mafundi wanajua hilo bila mizani. Huweka chuma kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, wakatazama cheche: chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka matawi matawi kama nyota, na chenye kaboni haba hutoa mistari mirefu iliyonyooka. Huo ni upimaji wa kikemia, jamani, unaofanywa kwa macho.

Sasa, atomu za chuma hazikai ovyo. Chuma kikiwa baridi hujipanga kwa namna moja. Kikifika nyuzi 912 za Selsiasi hujipanga upya kwa namna nyingine, ambayo vishimo vilivyo kati ya atomu ni vikubwa zaidi. Kaboni ikiwamo, mageuzi hayo huanza mapema zaidi, kwenye nyuzi 727. Katika mpangilio ule wa moto, kaboni hupata nafasi ya kujipenyeza mpaka asilimia 2 hivi. Katika mpangilio wa baridi, nafasi iliyopo haifiki hata asilimia 0.03. Kwa hivyo chuma kinapopoa, kaboni nyingi huambiwa, "Ondokeni, nyumba imekuwa ndogo."

Fikirieni soko la Kitale siku ya mvua. Mnajua mvua yetu ya alasiri. Ikianza kwa rasharasha, kila mtu hupata wakati wa kujipanga: mama mboga hufunika mboga zake, wa mitumba hukunja nguo, wa kwenda Kibomet hupanda bodaboda, na baada ya muda kila mmoja yuko kwake. Hiyo ndiyo pua iliyopoa polepole. Kaboni imepata wakati wa kutoka, ikaungana na baadhi ya chuma kwenye safu zake, na kilichobaki ni laini. Lakini mvua ikimwagika ghafla, kila mtu hurukia kibaraza kilicho karibu. Utamkuta muuza nyanya, karani wa benki, mtoto wa shule na mbuzi wa watu wamebanana mbele ya duka la viatu. Hakuna aliyetaka kuwa hapo. Wamebanana hivi kwamba hata mwizi hawezi kupenya katikati yao. Hiyo ndiyo pua iliyotiwa majini. Kaboni imenaswa mahali isipopaswa kuwa, na kwa kunaswa huko imeubana mpangilio wote. Chuma laini hupinda kwa sababu safu za atomu zake huteleza moja juu ya nyingine. Safu zikibanwa na kaboni haziwezi kuteleza, na huo ndio ugumu wenyewe.

Hali hiyo ya kunaswa ina jina. Huitwa martensaiti, kwa heshima ya Adolf Martens, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1850 na kufa 1914, mmoja wa watu wa kwanza kuutazama uso wa vyuma kwa darubini kwa uangalifu mkubwa. Jina lenyewe lilitolewa na Mfaransa, Floris Osmond, mwaka 1895. Jambo la ajabu ni kwamba martensaiti haina makao yake halali. Ukichora ramani ya chuma na kaboni, ile inayoonyesha katika joto gani kuna nini kama vitu vyote vimepewa muda wa kutosha, martensaiti hutaiona popote. Huzaliwa kwa haraka tu.

Mimi hali hii naiita utulivu wa muda. Fikiria jiwe lililoviringika kutoka Mlima Elgon likakwama kwenye kishimo katikati ya mteremko. Bondeni ndiko kwake, lakini halifiki kwa sababu hakuna wa kulisukuma. Linaweza kukaa hapo miaka elfu, watu wakajenga boma kando yake na kulipa jina. Limetulia, lakini si utulivu wa mwisho. Panga lako pia liko hivyo. Makali yake ni jiwe lililokwama mlimani. Na kinachoweza kulisukuma jiwe hilo ni moto.

Shikeni hapo pa moto, tutaparudia. Kwanza nimalize habari ya mhunzi, kwa sababu kazi yake haiishi kwenye ndoo. Pua iliyotoka majini ni ngumu sana, lakini pia ni tepetevu wa roho: ukiiangusha kwenye sakafu ya saruji inaweza kupasuka kama sahani. Isitoshe, martensaiti huchukua nafasi kubwa kidogo kuliko chuma ilikotoka, kwa hivyo chuma huvimba kwa ghafla, na maji yakiwa baridi mno, ufa huonekana papo hapo. Ndiyo maana mafundi wengine hutumia mafuta machafu ya gari badala ya maji. Mafuta hupoza kwa upole zaidi. Niliwahi kumuuliza fundi mmoja kwa nini anarudisha patasi motoni tena baada ya kuizamisha, si ameshamaliza? Akanijibu, "Kijana, chuma kikitoka majini ni kama mtu mwenye hasira. Anakata, lakini ukimgusa atavunjika. Lazima umbembeleze."

Kubembeleza huko ndiko kunakookoa kazi. Fundi husugua uso wa chuma ung'ae, kisha hukipasha taratibu na kutazama rangi zinazotambaa juu yake: kwanza manjano kama majani makavu ya mahindi, kwenye nyuzi 230 hivi, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu kwenye nyuzi 300 hivi. Kwa kila rangi, kaboni kidogo imepewa ruhusa ya kutoka kibarazani na kwenda kwake. Ugumu hupungua kidogo na uvumilivu huongezeka. Patasi husimamishwa mapema, springi huachwa mpaka ipite buluu. Kwa hivyo, wasomi wenzangu, mhunzi hutumia methali mbili kwa siku moja. Kwenye ndoo anasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwenye makaa anasema polepole ndio mwendo. Hekima yake ni kujua ipi inafaa saa gani.

Sasa turudi kwenye moto, maana hapa ndipo tunapopoteza pesa.

Shoka likivunjika mpini, na kipande cha mti kikabaki kimekwama kwenye tundu, watu wetu hufanya nini? Hulitupa shoka lote motoni ili mti uungue. Nimeona hivyo katika boma nyingi, na pengine hata kwenu. Moto wa kuni hupita kwa mbali zile nyuzi 300. Mti unaungua, ni kweli, lakini na makali yanakwenda. Jiwe limesukumwa, limeviringika mpaka bondeni. Kesho yake shoka linagonga mti na kujikunja mdomo, na mwenyewe anasema, "Mashoka ya siku hizi ni bandia." Hapana, ndugu yangu, shoka umeliua wewe. Wengine humalizia kwa kulitoa likiwa jekundu na kulimwagia maji, nalo likapata hasira bila mtu wa kulibembeleza. Siku ya pili kipande kinamegeka na kuruka, na jicho la mtu liko karibu. Dawa yake ni rahisi: kata mpini kwa msumeno, toboa kilichobaki kwa keekee, kisha gonga kitoke kwa nyundo na kipande cha nondo. Ni kazi ya nusu saa.

Mfano wa pili ni hawa wenye mashine za kunolea za umeme. Msimu wa kufyeka ukifika, watu hupeleka mapanga yakanolewe haraka. Panga linakandamizwa kwenye jiwe, cheche zinaruka mpaka barabarani, na ukingo unageuka buluu. Sote tunafurahia zile cheche. Lakini tumeona sasa buluu ni lugha gani. Ni chuma kinakuambia, "Kaboni imetoka, kwaheri." Panga hilo litakata vizuri siku moja, la pili litakuwa kama kijiko. Anayejua kazi hugusisha kidogo, akachovya majini, akagusisha tena. Na mwenye subira zaidi hutumia tupa au kinoo, na panga lake humzika.

Mtaniuliza, mambo haya madogo ya mashoka na mapanga ni ya kuandikiwa jarida? Ni ya kuandikiwa, kwa sababu sisi ni watu wa Trans Nzoia na Bungoma. Huku tunalima mahindi, miwa na maharagwe, na jembe kwetu si pambo. Wakati wa kupanda ndio wakati huohuo wa karo. Mzazi anayenunua jembe la pili kwa msimu mmoja amelinunua kwa pesa iliyokuwa na kazi nyingine, na mimi kama mwanafunzi wa shule ya kutwa, ambaye jioni narudi nyumbani na kushika jembe hilohilo, naijua hesabu hiyo vizuri.

Tena msidhani ujanja huu wa kunasa vitu kwa haraka ni wa mapanga peke yake. Sharubati nzito ya sukari ikipoa polepole hufanya fuwele, ikipozwa haraka huwa peremende, kioo kitupu. Iache peremende ikae na unyevu, utaiona imeanza kuwa na chengachenga: utulivu wake wa muda umekwisha. Wazee wa kale kote katika Bonde la Ufa walikata nyama kwa visu vya mawe meusi yanayong'aa kutoka sehemu za Naivasha. Mawe yale ni uji wa volkeno uliopoa kabla atomu zake hazijapata nafasi ya kujipanga. Almasi za Mwadui kule Shinyanga nazo ni kaboni iliyoundwa chini sana ardhini na kupandishwa upesi. Hapa juu makao yake halali yangekuwa grafaiti, ile ya ndani ya penseli, lakini hakuna wa kuisukuma.

Mwaka 1906 huko Ujerumani, Alfred Wilm alipasha aloi ya alumini iliyotiwa shaba na magnesi kidogo, akaizamisha majini, akaiacha. Siku chache baadaye akaikuta imekuwa ngumu zaidi kuliko alivyoiacha, ingawa hakuna aliyeigusa. Shaba iliyonaswa ilikuwa ikijikusanya taratibu ndani kwa ndani. Aloi hiyo ilitumika kujenga ndege nyingi za mwanzo za metali. Na mwaka 1960 huko Marekani, Pol Duwez na wenzake walipoza aloi ya dhahabu na silikoni kwa kasi ya karibu nyuzi milioni moja kwa sekunde. Atomu hazikupata hata nafasi ya kupanga foleni. Wakapata kioo cha metali. Leo utepe wa aina hiyo, uliotengenezwa kwa chuma, boroni na silikoni, hutumiwa ndani ya baadhi ya transfoma za umeme ili kupunguza umeme unaopotea bure. Kumbe ndoo ya mhunzi na kiwanda cha kisasa ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa nije kwenye dharau, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Sisi hapa magharibi hatukuletewa chuma na meli. Milima ya Samia, kule upande wa Busia, ilijulikana kwa wahunzi wake, na majembe yao yaliuzwa mbali. Katika mwaka wa tohara, mwaka wa shufwa, kijana wa Kibukusu anapozunguka kuwaalika jamaa zake, mikononi anapiga chinyimba, kengele za chuma. Kisu cha ngariba nacho ni chuma, na hapo hakuna mzaha wa makali. Kuvuka mpaka, katika nchi ya Wahaya magharibi mwa Ziwa Viktoria, wazee waliwajengea watafiti tanuru la kizamani katika miaka ya 1970, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba mababu wa watu hao walikuwa wakitoa chuma chenye kaboni, yaani pua, zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Na mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, alitaja chuma kuwa biashara kubwa ya Malindi. Basi kama kuna mtu mwenye nasaba ndefu katika nchi hii, ni huyu wa mivukuto.

Serikali yenyewe ilikubali zamani. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosema watu wa kazi hizi ndogondogo si mzigo bali ni nguvu. Mwaka 1986 karatasi ya serikali kuhusu uchumi ikawapa nafasi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikusudia mwanafunzi atoke shuleni na ujuzi wa mikono. Lakini karatasi ni karatasi. Ufundi wa vyuma ni somo la KCSE, ila ni shule chache zinazolifundisha, maana karakana ni ghali. Sisi wa shule za kutwa tumebaki na jina la mhunzi bila nyundo yake.

Najua hoja za upande wa pili, nami sitazikwepa. Wa kwanza atasema fundi hajui atomu. Ni kweli, wengi wao hawakufika huko. Lakini watu walizamisha pua majini karne nyingi sana kabla Martens hajazaliwa. Hata Wilm alipata aloi yake mwaka 1906, na ushahidi wa moja kwa moja wa kilichokuwa kikitendeka ndani ukaja 1938, miaka 32 baadaye. Mkono hutangulia, akili hufuata na kueleza. Anayengoja maelezo ndipo aanze kazi atalala njaa.

Wa pili atasema mafundi hubahatisha, na wengine hutuuzia takataka. Hilo nalikubali. Wapo wanaotumia nondo na kuapa ni springi, wapo wanaofanya kazi bila miwani ya kukinga macho. Lakini hiyo ni sababu ya kukaribiana, si ya kupitana. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi 770, na hapo pua ya springi huwa karibu tayari kwa ndoo. Fundi asiyetegemea tu macho yake mchana wa jua kali anaweza kutumia sumaku ya bei ya soda. Sisi tunaweza kumweleza kwa nini, yeye atatuonyesha jinsi. Nani amepoteza hapo?

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye sauti kubwa, atasema haya hayatoki kwenye mtihani. Ndugu yangu, mtihani ni wa siku chache na maisha ni marefu. Tena ukielewa kwa nini kaboni inanaswa, yale ya aloi na sifa za metali hutayakariri tena, utayaona.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji wafadhili.

Kwanza, walimu wetu wa kemia watufanyie jaribio la sindano. Zinatosha sindano tatu za kushonea nguo, koleo ndogo, moto wa maabara, glasi ya maji na miwani. Zote zipashwe mpaka ziwe nyekundu. Ya kwanza iachwe ipoe polepole: itapinda kama waya. Ya pili izamishwe majini: ukiikunja itakatika kwa sauti. Ya tatu izamishwe vilevile, isuguliwe ing'ae, kisha ipashwe kwa upole mpaka igeuke buluu: ukiikunja itarudi kama springi. Sindano zenye asili moja, na tabia tatu tofauti. Mwalimu asimame karibu, na kila mtu akinge macho.

Pili, mhunzi aalikwe shuleni walau mara moja kwa mwaka, kama tunavyomwalika daktari na wakili siku ya kuzungumzia kazi. Asiletwe kurekebisha madawati tu. Aletwe asimame mbele yetu aitwe mgeni wa heshima, alipwe kwa siku yake, na tumuulize maswali. Kuuliza si ujinga.

Tatu, na hili ni letu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili. Twende tukakusanye maneno ya kazi hii kabla hayajapotea. Fuawe, koleo, mivukuto, kalibu, feleji, tupa, keekee: mengi tunayajua kwa macho tu. Tuwaulize mafundi wao huitaje kila rangi ya moto, kila mlio wa chuma, kila kosa, kwa Kiswahili, kwa Kibukusu na kwa Kisabaoti, tuyaandike katika toleo lijalo la jarida hili. Lugha isiyo na karakana hubaki lugha ya kujaza pengo.

Kuna mwenzetu darasani ambaye Jumamosi huvuta mivukuto kwa mjomba wake na Jumatatu huficha mikono yake yenye masizi chini ya dawati. Kuna wengi wa namna hiyo katika kila shule ya kutwa. Mimi nasema mikono ile isifichwe. Ikiwa tutaendelea kumcheka, atakuja kuamini kwamba anachokijua si elimu, na siku hiyo tutakuwa tumepoteza mwanasayansi mmoja tuliyekuwa naye bure.

Vyaelea, vimeundwa. Na vinavyokata, wasomi wenzangu, kuna mtu aliyejua ni saa ngapi ya kufanya haraka na ni saa ngapi ya kungoja. Tumtafute atufundishe.

Mwanachama, Kidato cha Tatu